Ndege za Vita Juu ya Bukoba na Marubani Wasiorudi

Mji wa Bukoba umekaa katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Viktoria, nyuma yake majabali na vilima vilivyovikwa migomba na mibuni, mbele yake kisiwa cha Musira, na tangu mwaka 1890, Emin Pasha alipoweka boma hapo kwa niaba ya Wajerumani, haukupata kuwa mji wa pembeni, ijapokuwa ramani huuonyesha pembeni. Mpaka wa Uganda uko karibu: barabara ya kaskazini hufika Kyaka, huvuka mto Kagera, kisha huishia Mutukula, na mji uliojirani na mpaka hupokea biashara na balaa kwa mlango ule ule. Mwezi wa Juni 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza yalikuja kwa meli kutoka Kisumu, yakapigana hapo tarehe 22 na 23, yakauharibu mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, mji ukaporwa, kisha yakajirudia yalikotoka. Wazee wa Buhaya waliokuwa watoto siku hizo walikua wakijua kwamba adui wa Bukoba huja kwa maji au kwa nchi kavu. Wajukuu wao ndio waliokuja kufahamu, kwa hofu na kwa machozi, kwamba adui aweza kushuka kutoka angani.

Ufahamu huo ulianza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Milton Obote katika Uganda, naye Obote akapewa hifadhi Tanzania. Na mwezi wa Septemba 1972, wafuasi wa Obote walipovuka mpaka kwenda kujaribu kuirejesha serikali yake, wakashindwa, Amin alitoa jibu lake kwa kuzituma ndege zake kuzipiga Bukoba na Mwanza. Mwezi uliofuata Rais Siad Barre wa Somalia aliingia kati, mapatano yakatiwa sahihi Mogadishu, na majeshi yakatakiwa kukaa mbali na mpaka. Mapatano yale yalizinyamazisha silaha, walakini uadui wenyewe haukuguswa; ukakaa miaka sita ukingoja sababu.

Hata ilipofika 1978, Amin alikuwa ameanza kushindwa na nchi yake mwenyewe. Jeshi lake lilikuwa limegawanyika, maasi yalizuka katika vikosi vyake, na wanahistoria wengi wamekubaliana kwamba uvamizi wa Kagera ulitokana na machafuko hayo ya nyumbani kuliko ugomvi wowote wa ardhi. Jeshi lake la anga lilikuwa na kiti chake Entebbe, ng'ambo ya ziwa, kwenye uwanja ule ule ambao mwezi wa Julai 1976 makomando wa Israeli walioshuka usiku kuwaokoa mateka walizichoma ndege zake kadhaa za kivita zikiwa chini. Zilizobaki, pamoja na nyingine zilizokuja baadaye, zilikuwa MiG-17 na MiG-21 zilizoundwa katika Urusi ya Kisovyeti. Kutoka Entebbe mpaka Bukoba, kwa njia ya hewa juu ya maji, hazitimii kilomita 200. Rubani wa ndege ya namna hiyo huzimaliza kwa robo saa au pungufu, kabla mama aliyeko sokoni hajamaliza kupatana bei ya mkungu wa ndizi.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Tarehe 9 Oktoba 1978 kikosi cha askari wa Uganda kiliingia Kakunyu, kikachoma nyumba, kikarudi; siku iliyofuata ndege zao zikaangusha mabomu katika misitu upande wa Tanzania, kana kwamba zinaijaribu njia. Kisha tarehe 18 Oktoba zikaja Bukoba yenyewe, makao makuu ya Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama mkoa wa Kagera ulivyoitwa wakati huo.

Katika maandiko ya vita hivyo siku ile hupewa mstari mmoja au miwili, kwa kuwa madhara yake yalikuwa machache ukilinganisha na maafa yaliyofuata. Mizinga ya kutungulia ndege iliyokuwako ilifyatua pasipo kufaa kitu. Mabomu yakaanguka pasipo kuharibu mengi. Vioo vya madirisha vikavunjika kwa mshindo, na watu wakaingiwa na kiherehere, wakaanza kukimbia. Hayo ndiyo yaliyoandikwa, na ni kweli. Lakini mwenye kuupima mji kwa idadi ya nyumba zilizoanguka hajaupima sawasawa. Bukoba ya 1978 ilikuwa mji wa maduka ya kahawa na shule za misheni, wa meli inayopiga honi ikitoka Mwanza, wa watu waliozoea kuinua macho juu kutazama mvua tu. Na siku hiyo watu wazima, wenye heshima zao, walijitupa chini ya migomba pamoja na watoto wao, wakajua katika dakika chache kwamba ukuta, kufuli, na hata serikali iliyo mbali Dar es Salaam, haviwezi kumkinga mtu na kitu kiendacho kasi kuliko sauti ya mtu anayepiga yowe. Mji uliopata kujua hayo hausahau, hata kama kila kioo kimebadilishwa.

Yafaa kueleza hapa kwa nini ndege zile ziliogofya sana na kulenga vibaya, kwani jambo hilo linarudi tena na tena katika taarikhi hii. Ndege ya kivita ya aina ya MiG imeundwa kwanza kabisa kupigana na ndege nyenzake. Kubeba mabomu ni kazi yake ya pili, na mabomu inayobeba ni machache, kwa kuwa mafuta yake nayo ni ya safari fupi. Rubani yumo peke yake. Hana mwenzi wa kumsomea ramani wala wa kumtazamia nyuma. Mkono mmoja umeshika usukani, jicho moja liko kwenye saa za mafuta na la pili linatafuta daraja au ghala katikati ya kijani kitupu. Bomu likishaachwa halianguki wima, bali huendelea kwenda mbele kwa mwendo wa ndege iliyolibeba, hivyo sharti liachwe kabla ya kufika shabaha. Na ndege ikiwa inakwenda mita 200 kwa sekunde moja, kukosea kwa nusu ya sekunde ni kukosea kwa mita 100. Tena mbele yake risasi za mizinga zinapasuka, na kila chembe ya mwili wake inamwambia aachie bomu sasa hivi na kupanda juu. Aghalabu ndivyo afanyavyo. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba mizinga ile ya Bukoba iliyoitwa dhaifu, ijapokuwa haikumwangusha mtu siku hiyo, haikuwa bure: mzinga unaomharakisha rubani umekwisha kuokoa nyumba fulani, wala mwenye nyumba hatajua kamwe.

Mwisho wa mwezi huo majeshi ya Uganda yalivuka mpaka kwa wingi, nayo askari wachache wa Tanzania waliokuwa kaskazini ya mto hawakuweza kuyazuia. Eneo lote kati ya mpaka na mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, likashikwa. Watu waliuawa, wanawake wakadhulumiwa, ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa kupelekwa kaskazini, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, na maelfu ya wananchi wakatembea kwa miguu kuelekea kusini. Magofu ya kanisa kilimani Kyaka yameachwa yasimame mpaka leo yawe ushahidi. Tarehe 1 Novemba redio ya Uganda ilitangaza kwamba eneo hilo limekuwa sehemu ya Uganda.

Siku hiyo hiyo ndege za Amin zilitumwa kazi moja mahsusi: kulivunja daraja la Kyaka, ili Watanzania wasipate njia ya kurudia. Zikaja, zikapiga, zikakosa. Daraja lilibaki limesimama, na baadhi ya ndege hizo ziliangushwa na mizinga ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), ambayo katika muda wa wiki mbili ilikuwa imejifunza mengi. Alhasili, siku mbili baadaye, tarehe 3 Novemba, Waganda walimleta mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, mtu wa kazi ya kupasua miamba, naye akafunga baruti zake kwenye nguzo kwa utaratibu na kulilaza daraja mtoni. Marubani walitoa roho zao kwa shughuli ambayo mchimba madini aliyesimama juu ya ardhi aliimaliza pasipo kuhatarishwa na risasi hata moja. Sioni katika vita vizima vya Kagera jambo liwezalo kuonyesha wazi zaidi kiasi gani maisha ya vijana hutumiwa vibaya na mtawala mwenye haraka.

Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa, akasema kwamba Tanzania itampiga mvamizi, akazitaja sababu, uwezo na nia ya kufanya hivyo kwa maneno ambayo hata waliozaliwa baada ya vita wanayajua kwa moyo. Toka hapo Amin akawa nduli katika vinywa vya Watanzania wote. Mabasi na malori yalichukuliwa kubeba askari, mgambo wakaitwa, wakulima wakatoa ndizi na mbuzi, na barabara ya Biharamulo hadi Muleba na Bukoba ikajaa mavumbi ya jeshi usiku na mchana. Muleba, iliyo kusini ya Bukoba kwa njia hiyo, ikawa mlango wa vita: humo walipita vijana wa Mtwara, wa Songea, wa Tanga na wa Unguja, waliokuwa hawajapata kuona nyumba ya msonge wala kuonja senene.

Nao marubani wa Tanzania waliletwa. Jeshi letu la anga lilikuwa changa. Lilijengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, iliyotufundishia vijana na kutujengea uwanja wa Ngerengere katika Mkoa wa Morogoro. Ndege za kivita ilizotupatia zilikuwa za Kichina kwa jina na kwa kiwanda, lakini kwa umbo zilikuwa nakala za MiG za Kirusi: mtu aliyesimama chini, akitazama juu dhidi ya jua, hakuweza kuitofautisha ndege iliyotoka Entebbe na iliyotoka Ngerengere. Jambo hili dogo ndilo lililoleta msiba mkubwa kuliko yote katika anga letu.

Katika siku za mwanzo za vita, ndege za JWTZ ziliruka kuelekea uwanja wa mapambano, zikapita juu ya Musoma, ng'ambo ya mashariki ya ziwa. Askari wa mizinga waliokuwa Musoma walikuwa wamekwisha kusikia habari za Bukoba, na walijua kwamba ndege za adui huja juu ya maji, kwa ghafula, na kwamba mwenye kungoja ahakikishe atakuwa amechelewa. Waliona maumbo waliyokuwa wameonywa kwamba ni ya adui. Wakafyatua, na safari hii walilenga vizuri. Ndege tatu zilianguka, nazo zilikuwa zetu.

Nimekaa mara nyingi nikiifikiri habari hii, na kila nikiifikiri moyo unakataa kuiacha. Askari wa miguu akifa vitani hufa mbele ya mashahidi: yuko aliyekuwa ubavuni mwake, yuko aliyeshika kichwa chake, yuko atakayerudi kijijini kumwambia mama yake kwamba mwanao hakuwa mwoga. Rubani wa ndege ya kivita hana shahidi. Huaga wenzake kwa kuinua mkono nyuma ya kioo, hupaa, na mara ile huwa nukta katika anga; akianguka, saa ya kuanguka kwake aghalabu hujulikana kwa hesabu ya mafuta tu, kwamba kufikia dakika fulani hawezi kuwa angali hewani. Lakini rubani aliyeanguka Musoma alipata mashahidi, nao walikuwa ndugu zake waliompiga. Ni nani aliyewaambia askari wale walichokuwa wamefanya? Ni kamanda gani aliyeukuta ulimi wake mzito kiasi hicho?

Sitaki msomaji adhani kwamba nawashtaki. Kosa lile halikutoka katika nyoyo za askari wale wala katika macho yao. Lilitokana na vita vilivyokuja kabla nchi haijawa tayari kwa vita, na ndege zilizopita mahali ambapo waliokuwa chini hawakuzitarajia, na umbo moja lililochorwa na wahandisi wa Moscow likauzwa na kunakiliwa mpaka likawa mikononi mwa pande zote mbili za Ziwa Viktoria. Askari yule mwenye mzinga alipewa sekunde chache za kuamua kama Musoma itakuwa kama Bukoba au la, akaamua kama alivyofundishwa. Insafu inatutaka tumhesabu yeye pia miongoni mwa waliojeruhiwa na vita vya Kagera, kwa jeraha lisilotibiwa na daktari yeyote. Walakini insafu hiyo hiyo inatutaka tusiifiche habari yenyewe. Taifa linalosimulia ushindi wake na kukifukia kilio chake halijawatendea haki waliokufa wakilitumikia, na rubani aliyekufa kwa risasi ya nyumbani amekufa kwa ajili ya nchi yake sawasawa na yule aliyekufa kwa risasi ya adui.

Na huyo adui? Nafahamu kwamba kuna wasomaji wa Kyaka na Bunazi ambao watachukia nikimtaja kwa huruma rubani wa Uganda aliyetunguliwa juu ya daraja, nao wana haki yao ya kuchukia, kwa sababu wao ndio waliozika. Walakini naye alikuwa mwana wa mtu. Alichaguliwa kwa kuwa alikuwa na akili na macho makali, akapelekwa nchi za mbali kusomea kazi iliyokuwa fahari ya ukoo wake wote, kisha akarudi akamkuta Amin. Aliamriwa kulipiga daraja na hakulipata. Dhambi ya kumtuma iko juu ya aliyemtuma.

Vita vyenyewe viliendelea kwa njia inayojulikana, nami nitapita upesi. Mwezi wa Novemba Amin alitangaza kuwaondoa askari wake, Watanzania wakavuka mto kwa daraja la chuma la muda na kuikuta nchi yao ikinuka mauti. Mwezi wa Januari 1979 Mutukula ikatekwa. Mwezi wa Februari Masaka na Mbarara. Muammar Gaddafi wa Libya, aliyekuwa amempelekea Amin askari na silaha, aliipa Tanzania muda wa masaa 24 iondoke Uganda, Nyerere akakataa, na tarehe 29 Machi ndege kubwa ya Libya aina ya Tupolev ikaja Mwanza kulipiga ghala la mafuta. Nayo ikakosa, kama zilivyokosa zile za Kyaka: mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Hapo ndipo marubani wetu walipotumwa kulipiza. Ndege za Tanzania ziliruka zikayapiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo, na jeshi la Amin, ambalo lilikuwa limekwisha vunjika moyo, likanyimwa na mafuta ya kukimbilia. Entebbe, ile Entebbe iliyokuwa shina la mabomu yote yaliyoshuka Bukoba, ilishikwa na JWTZ tarehe 7 Aprili; Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Mapigano ya mwisho yalikoma mwanzoni mwa Juni 1979.

Waliokufa wakarudishwa, na Muleba, iliyokuwa mlango wa kwenda vitani, ikawa mahali pa mapumziko. Huko Kaboya, katika wilaya hiyo, yako makaburi ya mamia ya mashujaa wa vita vya Kagera, yamepangwa kwa safu kama walivyojipanga wenyewe gwaridani, na mnara umesimamishwa juu yao. Tarehe 25 Julai 2013 taifa liliadhimisha Siku ya Mashujaa hapo, na Rais Jakaya Kikwete, ambaye mwenyewe alikuwa afisa wa jeshi, akaiongoza hadhara. Wapitao kwenye barabara kuu ya kutoka Biharamulo kwenda Bukoba huweza kufika Kaboya kwa urahisi, lakini wengi hupita tu, wakiwa na haraka ya kuwahi soko au meli.

Natoa ombi kwa walimu wa Bukoba na Muleba, na kwa walimu wa Musoma pia. Wapelekeni wanafunzi Kaboya, nanyi mtakaposimama nao mbele ya safu zile, wasimulieni habari zote: za askari wa miguu aliyetembea mpaka Kampala, za daraja la Kyaka, na za ndege tatu zilizoanguka Musoma. Wazee waliojitupa chini ya migomba tarehe 18 Oktoba 1978 wangali wako, lakini wanapungua kila mwaka. Waendeeni na kalamu na daftari, mwandike walichokiona, kwa tarehe na kwa mahali. Na wale waliokuwa kwenye mizinga ya Musoma, ikiwa yuko kati yao aliye hai na aliye tayari kunena, asikilizwe kwa heshima, pasipo lawama, na maneno yake yahifadhiwe katika Nyaraka za Taifa pamoja na majina ya marubani wale.